Walaji wa Mwisho

Lundo la taka la soko la Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, lina joto lake. Acha maganda ya ndizi, mabua ya sombe, kabeji zilizochacha na maganda ya mihogo yarundikane siku kadhaa, kisha asubuhi ya baridi chokonoa katikati kwa kijiti: mvuke utapanda. Ndani ya lundo kubwa linalopitisha hewa, joto hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, kiasi cha kuua mayai ya minyoo na kukufanya uuondoe mkono upesi. Hakuna aliyewasha moto pale. Ni joto la walaji. Bakteria na kuvu wasiohesabika wanakula kwa pamoja, na kila anayekula hutoa joto kidogo, kama wewe unavyotoa jasho baada ya sahani ya bugali.

Wapita njia huziba pua. Siwalaumu, harufu ile haina adabu. Lakini pua inatueleza nusu tu ya habari.

Sura hii inawahusu viumbe wanaoishi kwa kula kilichokwisha kufa: bakteria, kuvu, mchwa, jongoo, nyungunyungu, mabuu ya nzi. Vitabu vya shule huwaweka chini kabisa ya mchoro wa mlolongo wa chakula, chini ya simba na swala, wakipewa mshale mmoja na sentensi moja. Mchoro huo unawapunja. Mtu wa Bukavu hula na kunywa kwa kazi yao, na kazi hiyo ina masharti: hewa, maji, joto, muda, na chakula kinacholika. Mahali masharti yote yapo, uozo huacha udongo mweusi. Sharti moja likikosekana, kinachobaki ni kitu kingine kabisa, wakati mwingine cha hatari, na Bukavu inavyo karibu vyote hivyo ndani ya safari ya siku moja.

Kwanza namna yao ya kula. Kuvu hana mdomo wala tumbo. Mwili wake ni nyuzi nyembamba zinazopenya ndani ya jani au gogo, na kutoka kwenye ncha za nyuzi hizo hutoka vimeng'enya vinavyovunja chakula kikiwa bado nje. Kikishalainika na kuyeyuka, nyuzi hukifyonza. Sisi humeza kwanza, kisha tukasaga. Yeye husaga kwanza, kisha akameza. Ndiyo maana hawezi kula mahali pakavu: pasipo maji vimeng'enya havisafiri. Sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakikaushwa vizuri kwa jua hudumu miezi kwa sababu hiyo hiyo, na wakirudishiwa unyevu ndani ya gunia huharibika kwa siku chache.

Ukitoka mjini kwenda Kabare au Walungu, utaona migomba imeizunguka nyumba, haikupelekwa shamba la mbali. Hapo ndipo panapomwagwa majivu, maganda, makapi ya maharage na mavi ya simbilisi wanaofugwa jikoni. Zamani samadi ilitoka kwa ng'ombe. Vita vilivyoanza 1996 viliondoka na mifugo mingi ya Bushi, eneo hili la Kabare na Walungu, na leo kaya nyingi zinamtegemea huyo mnyama mdogo anayezunguka pembeni mwa meko.

Mgomba huzaa mara moja tu. Mkungu ukikatwa, shina huangushwa palepale, na hapo inafaa kuchuchumaa na kutazama. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za shina hilo ni maji. Siku za kwanza hutoka utomvu wenye harufu ya uchachu, kwa kuwa hamira za porini na bakteria wameshaifikia sukari iliyobaki. Nzi wadogo huifuata harufu. Baadaye ukibandua ganda moja la shina unakuta mabuu meupe wakijisukuma ndani ya majimaji, na chini yake ganda la pili limeshakuwa la kahawia na kuteleza. Wiki zikipita shina linabonyea. Sasa jongoo wamejikunja ndani, nyungunyungu wamepanda kutoka ardhini, na nyuzi nyeupe za kuvu zimetanda kati ya ganda na ganda. Jongoo anatafuna kipande kigumu na kuking'ata kiwe kidogo, hana uwezo wa kukimaliza. Kinyesi chake ndicho bakteria wanachokimaliza. Mgomba hunyonya potasiamu nyingi kutoka ardhini, na sehemu kubwa ya potasiamu hiyo iko humo ndani ya shina. Wakati shina linapokuwa tope jeusi, machipukizi pembeni yake yameshaanza kuinywa.

Si kila mgeni wa shina anakaribishwa. Fukusi wa migomba, Cosmopolites sordidus, hupenda kutaga kwenye mabaki kama hayo, na wanaokulia humo huigeukia migomba iliyo hai na kutaga chini ya shina, ambako mabuu wao hulitoboa tunguu. Kwa hiyo wataalamu wa kilimo hushauri shina lipasuliwe kwa urefu na kukatwakatwa, likauke upesi na kuoza upesi, fukusi asipate nyumba. Mkulima mwenye panga na dakika tano huamua nani ale na nani akose.

Ndizi zenyewe nazo zina safari yao. Zile za pombe huivishwa, hukandwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa. Hamira inafanya iliyobaki, na hiyo ndiyo kasiksi. Hamira ni kuvu, na anachokula ni sukari ya tunda lililokwisha kutengana na mti wake. Kileo ni taka yake.

Mti ni mlo mgumu kuliko mgomba. Ubao una selulosi, ambayo wengi huiweza, na lignini, gundi ngumu inayoufanya mti usimame, ambayo karibu kila mtu huishindwa. Wanaoiweza sawasawa ni kuvu wachache, wale wanaoliacha gogo likiwa jeupe, laini na jepesi. Uyoga wa mamama ni miongoni mwao, na ndiyo sababu anaweza kupandwa kwenye mifuko ya makapi ya maharage, magunzi na majani makavu ya migomba: mahali ambapo mbuzi angekata tamaa, yeye ana karamu.

Mlima Kahuzi unaonekana kutoka Bukavu siku isiyo na mawingu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 1980. Watu huenda kule kuwaona sokwe wakubwa, gorila wa Grauer. Mimi ningewaomba watazame pia magogo yaliyoanguka. Gogo msituni ni kijiji: kuvu kwanza, kisha mende wanaotoboa, kisha jongoo, kisha miche ya miti mipya iliyoota juu ya mgongo wake. Huko Bwindi, Uganda, Jessica Rothman na wenzake walishangaa kuona gorila wakilamba na kutafuna ubao uliooza, chakula kisicho na nguvu mwilini. Walipopima, matokeo yaliyochapishwa 2006 yalionyesha kwamba ubao huo ulikuwa sehemu ndogo tu ya walichokula, lakini uliwapa zaidi ya asilimia 95 ya sodiamu yao. Mnyama mkubwa vile alikuwa anafuata chumvi ndani ya gogo bovu.

Bukavu hupika kwa makala. Makala ni mti uliochomwa kwa kunyimwa hewa, ukabaki kaboni karibu tupu, na kaboni hiyo ni viumbe wachache mno wanaoweza kuigusa. Kila gunia linaloshuka mjini ni gogo ambalo halikuliwa na mtu yeyote msituni. Tunapohesabu hasara ya ukataji miti huwa tunahesabu miti iliyosimama. Iliyolala haina msemaji.

Kuna pia mahali kuoza kunapokwama kwenye hifadhi hiyohiyo ya Kahuzi-Biega. Kwenye vinamasi vya nyanda za juu za hifadhi, kama Musisi, mafunjo yanakufa na kuzama kwenye maji yasiyo na oksijeni. Kuvu wengi hawawezi kufanya kazi bila hewa, bakteria waliobaki wanakwenda polepole, na mabaki yanarundikana mwaka juu ya mwaka yakawa mboji ya kinamasi. Mfano mkubwa zaidi uko magharibi, kwenye misitu ya maji ya bonde la kati la Kongo. Utafiti uliotangazwa 2017 ulikadiria mboji hiyo kuwa na eneo la kilomita za mraba 145,500 na kaboni tani bilioni 30. Yote hayo ni chakula ambacho walaji hawajakifikia. Vinamasi vikikaushwa, hewa itaingia, nao watakaa mezani.

Sasa shuka upande wa pili wa Bukavu, kusini, ufuate barabara ya Kamanyola mpaka uwanda wa Ruzizi. Joto linapanda, milima inarudi nyuma, na vichuguu vinaanza kuonekana. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana sijui habari nyingine ya viumbe hawa inayoipita hii.

Mchwa wa jamii ya Macrotermes hula nyasi kavu, majani na ubao, lakini peke yake haiwezi lignini. Amempata mtu wa kumfanyia kazi. Ndani ya kichuguu kuna vyumba, na ndani ya vyumba kuna masega ya rangi ya kahawia, yenye mikunjo na wepesi wa sponji. Sega limejengwa kwa mavi. Vibarua vijana hula majani pamoja na mbegu za kuvu, chakula kinapita tumboni haraka kikiwa kimesagwa nusu tu, na wanakiweka juu ya sega. Kuvu anaota humo, anavunja lignini, na kutoa vinundu vyeupe vidogo kuliko kichwa cha pini. Vinundu hivyo ndivyo wanavyokula vijana, na humo ndimo zilimo mbegu zitakazopandwa kesho. Sega la zamani, upande wa chini, likiwa limeshalainishwa kabisa, huliwa na wazee. Kwa hiyo juu linajengwa na chini linaliwa, na baada ya wiki kadhaa kila tonge limepita tumboni mara mbili. Kichuguu chenyewe hutunza unyevu na joto la karibu nyuzi 30, kwa ajili ya kuvu zaidi kuliko mchwa.

Mfaransa Roger Heim alimpa kuvu huyu jina la Termitomyces mwaka 1942. Uchunguzi wa chembe za urithi unaonyesha kwamba kilimo hiki kilianza mara moja tu, katika misitu ya Afrika, kiasi cha miaka milioni 30 iliyopita. Sisi binadamu tuna kama miaka 10,000 hivi na jembe letu.

Mvua zinaporudi Septemba, baada ya kiangazi cha Juni hadi Agosti, mambo mawili hutokea karibu pamoja. Kumbikumbi wanaruka, na watoto wanawasubiri chini ya taa. Na uyoga unatokeza juu ya vichuguu, mguu wake ukiwa umeshuka ardhini kama mzizi mrefu hadi kwenye sega. Aina nyingine, Termitomyces microcarpus, hutoa uyoga mdogo mdogo kwa mamia, na huota pale mchwa walipolitoa sega lao nje na kulitandaza juu ya ardhi. Zambia kuna Termitomyces titanicus, aliyepewa jina rasmi 1980, ambaye kofia yake inaweza kufika mita moja. Anayeuza uyoga wa kichuguu sokoni anauza kitu ambacho wakulima wa uyoga wa mifuko hawana: kumfuga kuvu huyu bila mchwa bado hakujawa kilimo cha kuleta fedha. Hatoki bila wenye shamba.

Bado hatujafika kwenye sahani. Unga wa bugali wa mihogo michungu ni kazi ya uozo unaosimamiwa. Mihogo hiyo ina linamarini, dutu ambayo ikivunjika hutoa sianidi. Ikilowekwa majini siku tatu au zaidi, bakteria hula kilichozishikilia chembe zake pamoja, mizizi inalainika, kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinaifikia linamarini, na sumu inatoka na maji au kupeperuka wakati wa kuanika. Tanzania huita zao la namna hii kivunde. Kila mama anajua kipimo chake: ukibonyeza, kidole kiingie.

Muda ukifupishwa, inakuwa habari nyingine. Konzo ni ugonjwa unaopooza miguu yote miwili ghafla, bila kupona, na huwapata zaidi watoto na wanawake wanaoishi kwa mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha na wasiopata protini. Daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, aliuelezea 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango, magharibi mwa Kongo. Mwaka 2011 ilichapishwa ripoti ya kitabibu ya konzo Kivu Kusini, Burhinyi, katika teritware ya Mwenga. Vita, wizi wa mazao na njaa huwasukuma watu kuutoa muhogo majini kabla ya wakati. Bakteria walihitaji siku moja au mbili zaidi, na hakuna aliyekuwa nazo.

Sasa twende ziwani. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, na kutoka kama mita 60 kwenda chini hakuna oksijeni. Mwani, vijidudu na sambaza waliokufa (samaki aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950) huzama wakiliwa njiani, na kinachofika gizani kinakutana na walaji wa aina nyingine. Bakteria hukivunja vipande vidogo, na viumbe wa kale waitwao arkea humaliza, wakitoa methani. Arkea wengine huitengeneza methani kutokana na kaboni dioksaidi inayotoka kwenye volkano chini ya ziwa, na wataalamu bado wanabishana kila njia inachangia kiasi gani. Maji ya chini ni mazito kwa chumvi, hayachanganyiki na ya juu. Mbelgiji Hubert Damas aliligundua tabaka hilo la ajabu alipopima ziwa mwaka 1935. Kwa hiyo gesi imekaa huko karne nyingi: methani karibu kilomita za ujazo 60, na kaboni dioksaidi kama 300.

Ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno kulinganisha na hili, lilitema kaboni dioksaidi usiku wa Agosti 21, 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Kivu halijafanya hivyo mbele ya macho ya mtu. Linafuatiliwa, na Rwanda imeanza kuipunguza gesi yake: kiwanda cha bia cha Gisenyi kilipata gesi kutoka Rasi ya Rubona tangu 1963, na mtambo wa umeme wa KivuWatt, karibu na Karongi, huzalisha megawati 26 tangu ilipozinduliwa 2016. Ghuba ya Bukavu yenyewe ni ya kina kifupi, haina hazina hiyo. Lakini kuna jambo moja ambalo wasomaji wa habari za hatari huwa hawaambiwi. Mahali maji yenye hewa yanapokutana na yasiyo na hewa, wapo bakteria wanaoishi kwa kula methani. Sehemu kubwa ya gesi inayopanda polepole huishia vinywani mwao kabla ya kufika juu. Mlaji wa mwisho ana mlaji wake.

Ziwa lina mlango mmoja wa kutokea, mto Ruzizi, na kwenye mlango huo kuna bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa enzi za Wabelgiji na kuanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mvua ikinyesha Bukavu, kila kilichotupwa kwenye mitaro na kwenye mto Kawa hushuka ziwani, na mkondo hukipeleka huko. Maganda ya ndizi hayafiki mbali. Chupa na mifuko hufika vyote. Mara kwa mara taka hizo zimeziba mashine na kuuzima umeme wa mji, na wafanyakazi huzitoa kwa mitumbwi, mikono na mashine.

Hapo sharti lililokosekana ni la chakula chenyewe. Plastiki imetengenezwa kwa viungo ambavyo walaji wetu hawakuvizoea katika miaka yao yote. Mwaka 2016 wanasayansi wa Japani walitangaza bakteria mmoja, Ideonella sakaiensis, waliyemkuta kwenye kituo cha kurejeleza chupa huko Sakai. Katika nyuzi 30 alikula utando mwembamba wa plastiki ya PET kwa takriban wiki sita. Utando ule ulikuwa laini kuliko ukuta wa chupa, na maji ya juu ya Kivu hukaa karibu na nyuzi 24. Asisubiriwe.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2008. Kongo ilitoa dekrii yake Desemba 2017. Lakini sokoni mifuko bado ipo, na tabia yake mbaya zaidi si ile ya kuelea. Mama akimenya ndizi na kuyafunga maganda ndani ya mfuko uliokazwa fundo, amewanyima kuvu hewa na jongoo mlango. Humo ndani oksijeni inakwisha upesi, wanabaki wale wasioihitaji, na maganda ambayo yangekuwa udongo kwenye migomba ya Walungu yanageuka tope lenye uvundo, gesi ikiutunisha mfuko mpaka upasuke au ufike Ruzizi I ukiwa bado umefungwa. Anayetaka kupunguza taka za bwawa anaweza kuanzia kwenye fundo hilo: maganda yatoke wazi, yaende kwenye lundo, na mfuko ubaki mtupu.